Mkono wa Bi Biubwa

Hakuna mtu aliyewahi kumfokea Bi Biubwa binti Kheri. Marehemu mumewe hakuthubutu, wenyeviti wa kijiji waliopita hawakuthubutu, na hata vijana wa siku hizi, wanaompita mtu mzima na waya masikioni bila salamu, wakimwona yeye huzichomoa. Ndiyo maana siku daktari msichana alipompigia ukelele katika chumba cha hospitali kule Kilindoni, "Bibi, mwache! Muinue! Muinue upesi!", Bi Biubwa hakuelewa kuwa anaambiwa yeye. Aligeuka nyuma kumtazama huyo bibi mwingine aliyekosa. Nyuma yake palikuwa na ukuta.

Bi Biubwa ni mkunga wa Baleni. Watu wa ofisi husema "alikuwa mkunga", lakini ufundi wa mkono hauishi kwa tangazo. Nusu ya Baleni, na watu si haba wa Kanga, walipita mikononi mwake kabla ya kuguswa na mtu mwingine yeyote duniani. Aliweka kiganja juu ya tumbo, akafumba macho kama anayesikiliza maneno ya chumba cha pili, halafu akatoa habari: huyu amekaa kitako, huyu amelala mkingamo, huyu bado, rudini mkale. Mtoto akizaliwa, kondo ya nyuma ilizikwa uani na juu yake ukapandwa mnazi mchanga. Mtoto akipata akili aliambiwa, "Ule ndio wako." Zilikuwapo nyua ambazo ungeujua ukoo mzima kwa kuitazama minazi tu: huu mrefu wa baba, huu uliopinda wa shangazi, huu uliokauka kichwa wa yule aliyepotelea baharini. Leo minazi inapasuliwa mbao, na kondo inakwenda asikokujua hata aliyeizaa.

Kisha wakaja watu wa semina ya afya. Wakasema kujifungulia nyumbani basi, kila mjamzito aende kituo cha afya. Bi Biubwa akapewa fulana yenye maandishi mgongoni na kuambiwa kuwa kuanzia siku ile kazi yake ni kusindikiza.

"Nimsindikize mpaka wapi?" aliuliza. "Mlangoni?"

Wakacheka wakidhani anatania. Na kweli ikawa mlangoni. Wauguzi wageni wasiojua nani mtoto wa nani walimwonyesha benchi la nje, na mwenye mkono ule akawa anaketi pale na mfuko wa khanga za mzazi mapajani, akikisikia kilio cha kwanza cha mtoto kupitia ubao wa mlango.

Jambo moja tu alikataa kunyang'anywa, nalo ni uzazi wa mjukuu wake Furaha.

Furaha alikuwa mtoto wa pekee wa Aziza, na Aziza alikuwa binti wa pekee wa Bi Biubwa. Aziza alifariki ndani ya arobaini, mtoto akiwa bado mwekundu, na Baleni nzima ilijua kilichomuua: jinamizi, lile linalomkalia mtu kifuani akiwa usingizini hata akashindwa kuvuta pumzi. Bi Biubwa akamlea Furaha kwa maziwa ya mbuzi na uji. Alipokua akaolewa na Mudrik, kijana mpole anayevua pweza, na aliposhika mimba, Bi Biubwa aliapa kwamba mtoto yule atazaliwa juu ya kitanda cha kamba walichozaliwa Furaha mwenyewe na mama yake Aziza. Uani kwake ulisimama mnazi wa Aziza, na kando yake mnazi wa Furaha. Mahali pa mnazi wa tatu alikuwa ameshapafagia.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Mkono ulimwambia mtoto yuko sawa, kichwa kinashuka. Miguu ya Furaha ilipovimba hata kandambili zikamkataa, bibi alifurahi. Uso ulipojaa, akawaambia majirani, "Mwoneni anavyonenepa. Uzazi umempenda." Hamu ya chakula ilipompotea, akawa anampikia mchuzi wa ng'onda, ule wa papa mkavu wenye chumvi ya kukwangua ulimi, maana ndio unaorudisha nguvu za mjamzito. Ndivyo yeye alivyopikiwa, na ndivyo alivyompikia Aziza.

Halafu kikaja kikohozi, na baada ya kikohozi, Furaha akashindwa kulala. Kila akijinyoosha aliamka anatweta, amejishika kifua, macho yamemtoka. Ikabidi awe anakaa sakafuni, ameegemea kinu, akisinzia hivyo hivyo mpaka adhana ya alfajiri.

Bi Biubwa hakuhitaji kuambiwa. Adui wake amerudi. Amemla mama, sasa anamtaka mtoto.

Akapigana naye kwa kila alichokijua. Kisu kikawekwa chini ya mto. Kombe la aya likaandikwa na Mwalimu Hafidhi wa madrasa, Furaha akalinywa. Na kila jioni, kabla ya kurudi nyumbani kwake, Bi Biubwa alimwondoa mjukuu wake kwenye kinu, akampandisha kitandani na kumlaza chali, mabega yameshuka, kwani waliomfundisha kazi walimwambia kuwa mjamzito akilala ameketi mtoto hubanwa, na jinamizi hupata pa kukaa.

"Bibi, nikilala nazama," Furaha alilalamika.

"Unazama wapi na kitanda kikavu?"

"Sijui, bibi. Nazama tu."

"Mume wako anazamia pweza mchana kutwa, hajazama. Wewe utazama kwenye godoro? Lala."

Wakacheka wote wawili, Furaha akicheka kwa vipande vipande, maana hata pumzi ya kucheka haikutosha. Alilala kwa kumtii bibi yake. Bibi akiondoka, alirudi kwenye kinu.

Siku ya kliniki, muuguzi wa zahanati alimpima Furaha presha, akapima tena kwa mkono wa pili, kisha akasema aende Kilindoni leo hii, si kesho. Mudrik akaazima bajaji. Bi Biubwa akaivaa fulana yake ya kusindikiza na kupanda bila kuulizwa na mtu.

Safari hii hakuwekwa benchini. Daktari aliyekuwa chumbani, msichana mwembamba mwenye mtandio wa kijani, alimfungulia mlango mwenyewe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Uso wako naujua. Wewe ni wa kina Sultanali?"

"Mjukuu wake, bibi. Shabina."

"Aa! Babu yako akinikatia marekani ya mikaja, ya kuwafunga wazazi matumbo. Mkono wake ulikuwa mwepesi, kila mara alizidisha kidogo kwa ajili ya mzazi. Sasa pale dukani mnauza makava ya simu." Akamtazama toka juu hadi chini. "Na wewe unapima nini?"

"Mimi napima mioyo, bibi."

"Sisi tumekuja na tumbo."

"Nalo tutalipima."

Mudrik alitazama sakafu ili asionekane anacheka.

Kitanda cha chumba kile kilikunjwa upande wa kichwani kama kiti, na Furaha alipopanda, Shabina alimwekea mito miwili mgongoni. Bi Biubwa hakupenda, lakini alinyamaza. Daktari akapaka ute wa baridi tumboni, akashika kidude kama kibao cha sabuni, chenye waya uliochomekwa kwenye kioo cha ukubwa wa sahani. Mtoto akaonekana. Bi Biubwa alikuwa amekwisha kusikia habari za picha hizo, na alipoona kichwa kiko pale pale mkono wake uliposema, alimtazama Mudrik kama mtu aliyeshinda kesi.

"Mtoto mdogo kidogo kwa umri wake, lakini moyo wake unapiga vizuri," alisema Shabina. Akajifuta mikono, akageukia meza kubadilisha kidude na kuchukua kingine.

Hapo ndipo Bi Biubwa alipofanya alichokifanya. Alimwona mjukuu wake ameketi nusu, mbele ya daktari, kama mtu asiyefunzwa. Akaivuta mito yote miwili, akashika mabega ya Furaha kwa mikono yake ile ile ya kila jioni, akamshusha mpaka chini ya mkunjo, kwenye sehemu iliyo bapa. "Lala vizuri, daktari akuone."

Furaha alifungua kinywa. Sauti haikutoka. Kilichotoka ni mlio kama wa maji yanayochemka ndani ya kifuu. Chini ya ile taa kali, ambayo nyumbani Baleni haipo, Bi Biubwa aliona kitu ambacho kwa kibatari hakuwahi kukiona: midomo ya mjukuu wake ikigeuka rangi, ikawa kama ya mtu aliyekula zambarau. Mikono ya Furaha ilikuwa inapapasa hewani inatafuta pa kushika.

"Bibi, mwache! Muinue! Muinue upesi!"

Alipogeuka na kuukuta ukuta, ndipo akili ikamrudia. Lakini Mudrik alikuwa amekwisha kumnyanyua mkewe, amemkumbatia wima kifuani pake, na muuguzi mmoja wa kiume aitwaye Taufiki aliingia mbio na mpira wa oksijeni. Wakamdunga sindano ya kuondoa maji mwilini. Pumzi zikarudi polepole, moja moja, kila moja kama imenunuliwa.

Bi Biubwa alisimama ameikumbatia mito miwili.

Furaha alipotulia, akiwa ameketi, Shabina akaegemeza kidude kile kipya chini ya titi lake la kushoto. Bi Biubwa alijua hapaswi kusema kitu, lakini mdomo wa miaka mingi haufungwi kwa fedheha moja.

"Mtoto yuko chini, daktari," alisema kwa sauti ndogo. "Hapo umepotea njia."

"Mtoto nimeshamwona, bibi. Sasa namtafuta mama yake."

Kwenye kioo palitokea kitu cheusi na kijivu, kikubwa, kinachotikisika. Bi Biubwa alisogea. Alitazama kwa muda mrefu, hakuona kichwa, hakuona mguu.

"Nini hicho?"

"Huo ni moyo wa Furaha."

"Huo?" Bi Biubwa alimtazama Furaha, akatazama kioo. "Moyo wa mtu unaonekana yuko hai?"

"Unaonekana. Njoo hapa, bibi. Unakamua tui kwa mkono au kwa mashine?"

"Mashine ya nini? Nakamua kwa kifumbu, kama watu."

"Basi nionyeshe unavyokamua."

Bi Biubwa aliweka mito chini, akainua ngumi zake mbili, akazisokota hewani, moja huku, moja kule, mpaka mishipa ikasimama.

"Ndivyo moyo unavyotakiwa kufanya," alisema Shabina. "Damu inaingia, unaifinya mpaka itoke, inakwenda mwilini. Sasa utazame wa Furaha. Ukuta huu uje ukutane na huu. Unauona unakuja?"

Bi Biubwa alitazama. Ukuta mmoja ulikuwa kama unataka kuja, ukajitikisa, ukarudi. Wa pili haukufanya hata hivyo. Kitu kizima kilikuwa kimetanuka na kulegea, kinapwaya kama kifumbu kilichochoka ukili, kilichojaa machicha na mkono ukakosa nguvu.

"Haukamui," alisema.

"Unakamua, lakini hata robo ya inayotakiwa haifiki. Damu inayobaki inarudi nyuma, na maji yake yanapanda mpaka kwenye mapafu. Akikaa wima yanashuka chini kidogo, anapata pa kupumulia. Akilala chali, yanatandaa pote." Shabina alitafuta neno. "Anazama, bibi. Anazama juu ya nchi kavu."

Furaha, na ule mpira puani, alimtazama bibi yake. Hakumtazama kwa lawama. Alimtazama kama mtu aliyesema neno mara nyingi na sasa amesikia mwingine akilisema.

"Na miguu ilivyovimba?" aliuliza Bi Biubwa.

"Maji hayo hayo. Na chumvi inayavuta yakae. Presha nayo inaubebesha moyo mzigo."

Bi Biubwa aliuliza maswali mengine, yote madogo: kikohozi, uso kujaa. Kila aliloliita dalili njema daktari aliligeuza, akamwonyesha upande wake wa pili. Kisha Shabina akauliza swali lake.

"Mama yake Furaha yuko?"

"Alifariki. Ndani ya arobaini ya huyu."

"Kwa nini?"

Bi Biubwa alifungua kinywa kusema jinamizi. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Badala yake alimwona Aziza. Alimwona kama alivyokuwa, ameegemea kinu hicho hicho, maana kinu alichokuwa akikiegemea Furaha kilikuwa cha mama yake. Aliuona mkaja, ile marekani nyeupe ya Sultanali, alivyomzungushia mwanawe tumboni kwa mikono yake, akaukaza ili mwili urudi, akamnywesha uji wa pilipili manga, akampa mchuzi wa papa, akamlaza chali. Aziza alisema nini? Alisema, mama, legeza. Naye alimwambia kila mzazi husema hivyo.

"Alikuwa akilala ameketi," alisema Bi Biubwa.

Shabina aliacha kuandika.

"Na wa mama yake?" Bi Biubwa alielekeza kidole kwenye kioo. "Nao ulikuwa hivi?"

"Siwezi kusema, bibi. Sikumwona."

"Sema tu."

"Aliyekwisha kuzikwa simpimi. Nikikuambia ndiyo nitakuwa nimekudanganya, na nikikuambia hapana pia nitakuwa nimekudanganya."

Bi Biubwa aliketi kwenye kiti cha daktari bila kukaribishwa. Aliiweka mikono yake magotini, viganja juu, akaitazama kama vitu vya mtu mwingine alivyopewa ashike. Mkono ule ulikuwa umejua kila kitu kilichoko chini ya kitovu. Juu yake, kwa upana wa shibiri mbili tu, palikuwa na chumba kizima ambacho haukuwahi kukipigia hodi.

Shabina alimgeukia Mudrik. Furaha lazima apelekwe Dar es Salaam leo, avuke bahari kwa ndege ya mchana, kwenye hospitali kubwa yenye madaktari wa moyo. Mtoto atolewe mapema, na mama ashikiliwe kwa dawa. Akirudi Baleni, yeye daktari hamwahidi hata wiki moja ya uhai.

Mudrik alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akafanya kile ambacho mwanamume yeyote wa Baleni angefanya kwenye jambo la uzazi. Alimgeukia mkunga.

"Bibi, unasemaje?"

Hapo kila mtu alimtazama Bi Biubwa. Kiapo alikijua yeye mwenyewe, na kitanda cha kamba kilikuwa kimekazwa upya kwa kamba za makumbi alizozisokota kwa mkono. Na pale uani, kati ya minazi miwili, palikuwa pamefagiliwa.

"Mnaniuliza mimi?" alisema. "Mimi niliyemvutia mito?"

Akainyoosha fulana yake.

"Mpelekeni," alisema. "Na mtu yeyote asimlaze chali. Mkisikia nesi au rubani au nani sijui anamwambia alale, mwambieni bibi yake amekataza."

Walimpandisha kwenye ndege akiwa ameketi, na Shabina pembeni yake. Nafasi ya tatu aliipata Mudrik. Bi Biubwa alibaki nje ya uzio wa uwanja na fulana yake ya kusindikiza, na kweli, kama alivyouliza siku ile, alimsindikiza mpaka mlangoni.

Mtoto alitolewa kwa kisu, wa kike, mdogo wa kubebwa kwa kiganja kimoja, akakaa kwenye joto la mashine mpaka akapata mwili. Furaha alirudi hai. Alirudi amekonda, na mfuko wa vidonge, na amri kwamba asibebe mimba tena, labda maisha yake yote. Hakufungwa mkaja. Bi Biubwa alimuuliza Mudrik swali moja tu kuhusu safari nzima: kondo iko wapi?

"Wameichoma, bibi. Kule wanachoma."

Bi Biubwa aliitikia kwa kichwa. Mahali palipofagiliwa pamebaki hivyo mpaka leo. Hapajapandwa kitu. Watoto wanachezea hapo.

Tangu hapo amekuwa kichekesho cha vijana. Akikutana na mjamzito kisimani, dukani, popote, hamsalimii kwanza. Anamuuliza, "Mwanangu, unalalaje?" Wengine humjibu kwa utundu, "Nalala na mume wangu, bibi, unataka nilale na nani?" Wenzao wanaangua kicheko. Yeye hacheki. Anasubiri mpaka wamalize, halafu anauliza tena, "Chali, au umeegemea?"

Mwezi uliopita alimpeleka Furaha Kilindoni kwa kipimo. Shabina akaweka kidude chini ya titi, wakatazama wote watatu. Ukuta mmoja ulikuwa unakuja vizuri sasa, wa pili unajivuta nyuma yake. Umefika nusu, alisema daktari, na kwa jinsi ulivyokuwa, nusu ni kubwa. Furaha alivaa blauzi yake na kutoka kwenda kumnyonyesha mtoto barazani.

Bi Biubwa hakutoka. Alifungua kifungo cha juu cha gauni lake.

"Niwekee na mimi."

"Unaumwa, bibi?"

"Niwekee tu, mjukuu wa Sultanali. Sitaki maelezo."

Shabina akamwekea. Moyo wa mwanamke mzee ukatokea kwenye kioo, mdogo, mgumu, unakaza na kuachia, unakaza na kuachia, ukuta unakutana na ukuta.

"Mashaallah," alisema daktari, na sauti yake ilikuwa ya furaha ya kweli. "Bibi, huu unakamua kama wa msichana."

Bi Biubwa aliutazama. Aliutazama bila kupepesa, kama mtu aliyeonyeshwa kitu chake kilichoibwa kikiwa kwenye nyumba yake mwenyewe. Mkono wake ukainuka, ukakigusa kioo kwa kidole kimoja, pale ulipokuwa ukipiga.

"Huu," alisema, "miaka yote hii mwanangu yuko kaburini, ulikuwa unanifanyia nini mimi?"

Kisha akafunga kifungo, akamwita Furaha, wakaondoka.